Kapita wa muchezo asifiche dadu

Ndugu wachimbaji, na ninyi wamama wenye munatusoma kule kambini, leo hatutasema juu ya mushahara, wala juu ya motoka ya zamu ya usiku yenye kuchelewa kila siku. Tutasema juu ya muchezo. Musicheke. Mu muchezo huu watu wanakufa, na namna yenye wanakufa imetugawanya sisi wa sendika pande mbili, mpaka kuna wandugu wenye hawaketi tena ku banki moja.

Muchezo wenyewe, kwa Kifaransa wanauita jeu de rôle. Kwa wenye hawajauona: watu wane ao watano wanaketi ku meza. Hakuna karata, hakuna franga ya kuweka. Kila mumoja anashika karatasi yenye jina la mutu wa kubuni: mwanamuke wa vita, muganga, mwizi, fundi wa kufungua kufuli. Ku karatasi ile wameandika hesabu ya nguvu yake, ya akili yake na ya uzima wake. Kisha kuna mutu mumoja mwenye hashike karatasi ya mutu yeyote, juu yeye anashika dunia nzima: mvua, milango, maadui, wauza duka, mashimo. Wafaransa wanamwita maître de jeu. Sisi tulimupa jina lenye kila mutu hapa anaelewa: kapita. Kapita anasema, "Muko mbele ya mulango wa chuma, kuna harufu ya moshi. Munafanya nini?" Wachezaji wanajibu. Kama jambo ni gumu, wanatupa dadu, kile kijiwe cha pande 20 chenye namba kuanzia 1 mpaka 20, na namba njo inasema kama umefaulu ao umeshindwa.

Wenye umri wetu watakumbuka tiatre ya Mufwankolo. Wale nao waliigiza bila karatasi ya maneno. Walijua paka njia ya hadithi, na maneno yalitoka palepale. Tofauti ni kwamba wale walijua mwisho mbele ya kuanza. Hapa hata kapita hajue mwisho, kama anaheshimu dadu. Na njo hapo mabishano yetu yanaanzia.

Muchezo uliingia kwetu kwa mulango wa sendika. Tulikuwa tunafundisha madelege wapya kwa kuigiza: mumoja anakuwa mukubwa wa kazi, mwingine anakuwa delege mwenye kuleta malalamiko ya ekipi. Kijana mumoja, fundi wa umeme, akatuambia kuna watu wenye wanafanya hivyo kwa kujifurahisha tangu karibu miaka 50, na wako na vitabu vya kanuni. Akaleta fotokopi. Dadu ya pande 20 hatukuwa nayo, basi tuliandika namba ku vifuniko vya soda, tukaviweka mu kopo. Sasa kila siku ya posho, kisha saa kumi, chumba chetu cha mikutano kinajaa watoto wa wachimbaji, na wachimbaji wenyewe wenye hawako ku zamu.

Upande wa kwanza mu mabishano ni wa wazee, na mbele yao kuna mumoja mwenye alifanya kazi ya kuweka miti chini kwa miaka mingi. Anasema: mu nyumba ya wachimbaji hatucheze na kifo. Kama dadu imesema mutu amekufa, kapita aseme ni jeraha tu, hadithi iendelee, watoto warudie nyumbani wakicheka. Tunamuheshimu muzee huyu. Amebeba maiti nyingi kuliko sisi. Lakini hatumufuate, na tutaeleza juu ya nini.

Tuanze na mwanzo wa muchezo. Wa kwanza wa namna hii kuuzwa ni Dungeons & Dragons, wenye ulitoka mwaka wa 1974 kule Marekani, mu muji mudogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Wenye waliuandika ni Gary Gygax na Dave Arneson. Wote wawili walitoka mu michezo ya vita, ile ya majeshi ya sanamu ndogo juu ya meza, kila muchezaji ni jenerali. Mu michezo ile, sanamu 20 zikianguka, jenerali anazitoa mezani na kuendelea. Ni hesabu. Kisha Arneson na wenzake wakafanya jambo la ajabu: walimupa kila muchezaji mutu mumoja peke yake, mwenye jina, mwenye mufuko wake na viatu vyake. Tangu pale kifo kikawa mambo mengine kabisa. Sisi wa sendika tunaelewa hii bila kufundishwa. Kule juu ofisini, wafu wanaandikwa kwa namba mwisho wa mwaka. Kule kambini, kila namba iko na bibi, na mashati yenye bado yananing'inia nyuma ya mulango.

Kanuni za kwanza zilikuwa kali. Hesabu ya uzima ikifika zero, mutu wako wa karatasi amekufa, basi. Mutu mupya, mwenye hajapata uzoefu, alikuwa na uzima mudogo sana. Pigo moja la kisu liliweza kumumaliza. Gygax mwenyewe aliandika safari moja yenye jina Tomb of Horrors, yenye ilichezwa ku mashindano mu mwaka wa 1975 na kuchapwa mu 1978. Ni kaburi la muchawi, limejaa mitego. Mule ndani kuna sura kubwa ya shetani ya rangi ya majani, imechongwa ukutani, kinywa wazi, ndani giza tupu. Mwenye kuingiza mukono mule anaukosa. Mwenye kuingia mule mwili mzima, hakuna kitu kinabakia: hakuna mufupa, hakuna kiatu. Wachezaji wengi waliingia mumoja nyuma ya mwingine, juu wa kwanza hakupiga kelele, na wa pili alifikiri wa kwanza amefika salama ngambo.

Mwenye aliwahi kuona watu wanashuka mu kisima chenye hewa mbaya kuokoa mwenzao, mumoja, kisha wa pili, kisha wa tatu, hatamucheka muchezaji yule.

Michezo mingine ilichukua njia zake. Traveller, ya mwaka wa 1977, unaweza kufa mbele muchezo haujaanza, wakati bado unaandika mutu wako wa karatasi na kumupitisha mu miaka yake ya jeshi. Ni sawa mutu mwenye anaangukia kwenye vipimo vya daktari mbele ya kusaini kontra. Paranoia, ya mwaka wa 1984, kila muchezaji anapewa nakala sita za mutu mumoja: wa kwanza akikufa, wa pili anashuka na uniforme mpya, kazi inaendelea, na kila mutu anacheka. Tulicheka na sisi. Kisha ndugu mumoja akasema, "Lakini hivi njo wanatuhesabu," na kicheko kikaisha. Mu Call of Cthulhu, ya mwaka wa 1981, watu wa karatasi ni watu wa kawaida, mwalimu, daktari, muandishi, na wengi wanapoteza akili mbele ya kupoteza uzima.

Tukirudi ku Dungeons & Dragons, kanuni za mwaka wa 2014 zililegeza kamba. Uzima ukifika zero, mutu hakufe palepale: anazimia. Kila zamu yake anatupa dadu. 10 na kupanda, amepata. Chini ya 10, amekosa. Akipata mara tatu, anatulia, hatakufa. Akikosa mara tatu, amekufa. Namba 1 inahesabiwa makosa mawili. Namba 20, anafungua macho, anaamuka na uzima wa 1. Na wakati wote ule wenzake wanaweza kukimbia kwake na kumutibu.

Sisi tunapenda kanuni ile sana, na si kwa sababu ni laini. Tunaipenda juu inaweka wenzake ku kazi. Mwenye ameanguka hana tena la kufanya ila kutupa dadu yake, wale wenye wamesimama njo wanaamua kama wataacha hazina na kumurudia, ao watasema, "Tumalize kwanza adui." Meza inakuwa kimya. Tumeona watoto wa miaka 14 wanaacha sanduku la zahabu mu mikono ya adui ili kumuvuta mwenzao kwa miguu. Hatukuwafundisha. Na tumeona mutu muzima, baba wa watoto, mwenye alibeba sanduku.

Lakini kuna upande mwingine wa kanuni zile wenye hatuupende. Kufufua wafu. Mu kanuni za 2014 ufufuo uko na bei, tena bei ya almasi. Mwenye amekufa hata dakika moja haijapita: almasi za bei ya vipande 300 vya zahabu. Mwenye amekufa siku zisizozidi 10: almasi ya vipande 500. Mwenye amekufa zamani zaidi, lakini miaka 100 haijapita: 1000. Na ufufuo mukubwa kabisa, wenye kumurudisha hata mwenye mwili wake umepotea: almasi za vipande 25000. Almasi inaliwa na uchawi, hairudi.

Fikirini: wanasoma hii mu inchi ya Mbuji-Mayi! Watu wanachimba almasi kule tangu wakati wa babu zetu, na hatujasikia hata mumoja mwenye alifufuliwa nayo. Fundi wetu wa umeme aliposoma ukurasa ule kwa sauti, chumba kizima kilicheka mpaka machozi, na mama mumoja akauliza kama wanapokea pia shaba.

Tukiacha kicheko, shida ya ufufuo wa bei ni hii. Wachezaji wakiwa na almasi mu mufuko, wanaanza kuingia mahali popote. Kifo kinakuwa gharama kama gharama ya mafuta ya lampe. Wanapiga hesabu: tukipoteza mumoja, tutalipa 500, hazina ni 3000, basi twende. Hii ni akili ya tajiri mwenye ameshaandika mu bajeti yake bahasha ya mujane mbele zamu haijashuka. Hatutake watoto wetu waijifunze, hata kwa muchezo. Kwetu tuliamua: hakuna ufufuo. Kapita mwenye anataka kuuweka, auweke uwe safari nzima, nzito, yenye kumugarimu kila mutu kitu chenye anapenda, isiwe duka.

Sasa tufike ku neno lenye linatuuma. Makapita wengi, hapa na ngambo, wanasimamisha mbele yao karatasi ngumu, paravani, wanatupa dadu nyuma yake. Inafaa kwa kuficha ramani. Lakini inafaa pia kwa kusema uongo. Dadu inasema 3, kapita anasema 12. Dadu inasema umekufa, kapita anasema jiwe limepita karibu na sikio. Wanafanya kwa huruma, tunajua. Njo kile muzee wetu anataka.

Siku moja ya posho ilitokea hivi. Mutoto wa miaka 15, mwenye baba yake alibakia chini mu mugodi mumoja, alikuwa anacheza. Mutu wake wa karatasi aliingia mu njia ya zamani bila kamba na bila kugonga paa. Wenzake walimukataza, akaendelea. Kapita akatupa dadu nyuma ya karatoni yake. Akaangalia. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Jiwe limeanguka nyuma yako, umepona." Mutoto yule akasimama, akaweka karatasi yake mezani, akasema, "Hata hapa munanidanganya." Akatoka. Ni kisha tu mama yake alitueleza kwamba baba alipokufa, waliambiwa kwa siku tatu kwamba yuko mu hospitali na anaendelea muzuri.

Watoto wetu wanajua sauti ya mutu mukubwa mwenye anasema uongo juu ya kifo. Wameisikia nyumbani, wameisikia mulangoni pa kampuni. Huwezi kuwafariji na sauti ile ile.

Kuna wenye wanajibu: sasa kama muchezaji mupya anakufa mu dakika 10 za kwanza, kwa bahati mbaya tu, ni faida gani? Tunakubali hakuna faida. Lakini dawa si kubadili namba kisha kuiona. Dawa ni mbele ya kutupa. Kapita ako na uwezo wote wa dunia ile: anaweza kuweka maadui wawili pahali pa sita, anaweza kusema adui anataka kumukamata na si kumuua, anaweza kusema jambo hili ni rahisi, hatuhitaji dadu. Kama hauko tayari kupokea namba, usitupe. Ukiisha kutupa, kila mutu aone. Kwetu sasa dadu inatupwa katikati ya meza, na kopo la vifuniko linashikwa na muchezaji, si kapita.

Tena dadu ya wazi haitoshe. Kuna makapita wenye wanatupa wazi na bado ni wauaji. Anasema, "Unafungua mulango. Sumu. Umekufa." Muchezaji anauliza, kulikuwa na alama gani? Kapita anajibu, "Ungepaswa kuchunguza." Maneno haya tunayajua. Ni rapo ya aksida yenye kuandikwa na mukubwa: kosa la marehemu. Hakuvaa kofia, hakuangalia, hakungoja. Hakuna mahali wameandika kama kofia ilikuwapo, ao kama kuna mutu alimwambia paa limechoka.

Chini ya ardhi, kifo mara nyingi kinabisha hodi. Muti unalia mbele ya kuvunjika. Vumbi linashuka kidogo kidogo. Maji yanabadili sauti. Muchimbaji wa zamani anasikia, wa mupya hasikie, lakini alama iliko. Kapita wa muchezo afanye vile: aache muti ulie. Aseme kuna mifupa ya panya mbele ya mulango. Aseme taa inawaka vibaya. Aonyeshe adui anavyopasua ngao ya mutu mwingine kwanza. Muchezaji akitaka kuendelea, kapita amuulize mara moja, "Una hakika?" Akijibu ndiyo, basi dadu. Kifo chenye kinakuja hivyo kinaumiza, lakini hakuna mutu anasimama mezani na kusema aliibiwa.

Tukumbuke ile sura ya kijani ya kaburi la Gygax. Wengine wanasema ni mutego mubaya. Sisi tunaona ni nusu haki: kinywa cha shetani, giza lenye taa haiingie, ni alama ya kutosha ya kusimama na kuingiza kwanza fimbo. Lakini mahali pengine mu kaburi lile, mitego inaua bila kulia hata kidogo, na hapo hatumutetee muandishi.

Kushindwa nako si lazima kuwe kifo, na hapa makapita wetu walijifunza pole pole. Mwanzoni, muchezaji akikosa dadu ya kufungua kufuli, kapita alisema, "Hakifunguke." Mwingine anajaribu, hakifunguke. Wa tatu. Watu wanaanza kuangalia saa. Sasa kapita anasema, "Kufuli limefunguka, lakini umechelewa sana, taa yenu imeisha mafuta na kuna mutu anakuja na mbwa." Umeshindwa, na hadithi imesonga. Kukosa kunakula kitu: kamba, chakula, urafiki, wakati, mukono wenye kuvunjika. Mutu wa karatasi mwenye alipoteza jicho mu mwezi wa pili, kwetu njo mwenye kupendwa kuliko wote. Watoto wanagombania kumucheza.

Kuna muchezo unaitwa Fate. Kanuni zake za mwaka wa 2013 ziko na kitu chenye kila delege wa sendika angependa kusoma. Mbele dadu ya adui haijatupwa, muchezaji anaweza kusema, "Nakubali nimeshindwa." Akisema hivyo kwa wakati, hatakufa, na yeye mwenyewe anasaidia kusema anashindwa namna gani: amekimbia, amekamatwa, ameacha mzigo. Tena anapewa kitu cha kumusaidia mbele. Lakini akingoja mpaka dadu itupwe na kumuangusha, adui njo anaamua mwisho wake. Ndugu, mugomo wenye kuisha kwa mazungumuzo siku ya nane na mugomo wenye kuvunjwa siku ya 30, ni kanuni ile ile. Tuliisoma mara mbili.

Na Dungeon World, ya mwaka wa 2012: mwenye kufa anatupa dadu mbili. Akipata 10 na kupita, anaponyoka. 6 na chini, amekwenda. Katikati, 7 mpaka 9, Kifo mwenyewe anakuja kuzungumuza naye na kumuomba kitu ili amurudishe. Wazee walikataa muchezo huu kabisa, wakasema kuzungumuza na Kifo ni uloji. Kule Marekani pia, mu miaka ya 1980, kulikuwa na wazazi na wachungaji wenye walisema Dungeons & Dragons ni kazi ya Shetani. Hatutaingia mu maneno yale. Tunasema tu kwamba watoto wenye wako ku meza yetu jioni hawako mu mashimo ya kuokota mawe usiku.

Sasa mutu wa karatasi amekufa kwa haki. Kapita anafanya nini? Wengi wanafikiri kazi yake imeisha. Kwanza, muchezaji yule amekuwa shomeri. Wenzake wanaendelea, yeye ameketi masaa mawili anachora ku karatasi. Anapaswa kupewa kazi palepale: acheze muzee mwenye walikutana naye njiani, acheze adui, ao alete mutu mupya mbele ya mulango unaofuata. Kumwambia arudie nyumbani ni kumufukuza kwa kosa lenye si kosa.

Pili, urizi. Tuliona jambo la haya. Mutu amekufa, mwili haujapoa, na wenzake wameanza: "Mimi nachukua upanga. Mimi nachukua viatu. Alikuwa na franga ngapi?" Wamama wenye walikuwa wameketi pembeni walipiga makelele, na si kwa muchezo. Wanajua. Kuna wenye walivuliwa sufuria na matandiko na ndugu za bwana mbele kilio hakijaisha. Tangu siku ile kuna kanuni yetu, haiko mu kitabu chochote: kwanza kilio. Kila muchezaji anasema jambo moja marehemu alifanya. Kisha mwenye alikuwa anamucheza anasema vitu vyake vinaenda kwa nani, na kama alikuwa na mama ao mutoto mu hadithi, vitaenda kule, hata kama ekipi inahitaji ule upanga. Kilio kinachukua dakika tano. Mara moja kilichukua nusu saa, na hakuna mutu mwenye alilalamika.

Kwa neno moja muzee wetu ako na haki yote. Si kila kifo kinafaa kwa kila meza. Ku meza yenye kuna mujane ao mutoto wa marehemu, kapita hapaswi kumushangaza na paa lenye kuanguka. Ngambo walifikiri hii: mbele ya kuanza muchezo, siku ya kwanza, watu wanaketi na kusema ni mambo gani hayataingia kabisa, na ni yapi yatapita mbali bila kuelezwa. Kuna pia karatasi yenye musalaba wa X yenye John Stavropoulos alileta mu 2013: inakaa katikati ya meza, mutu yeyote akiigusa, jambo lile linaachwa, na hakuna mwenye kuulizwa sababu. Tulikata yetu mu karatoni ya sabuni. Ni haki ile ile yenye tunadai chini: muchimbaji mwenye anaona paa ni baya asimamishe kazi bila kukatwa siku yake.

Kuna tofauti kati ya karatasi ile na uongo wa nyuma ya paravani. Mwenye kugusa X ni mwenye kuumia mwenyewe, anaigusa mbele ya wote. Mwenye kuficha dadu anaamua pahali pa mwingine kwamba hawezi kubeba ukweli.

Yule mutoto alirudia kisha wiki mbili. Aliomba mambo mawili: mutu wake wa karatasi akubaliwe kuwa amekufa pale pale chini ya lile jiwe, na apewe kilio. Tulifanya. X iliwekwa mbele yake, hakuigusa. Sasa anacheza mwanamuke wa vita mwenye kutembea na kamba mbili na fimbo ndefu, na anagonga kila paa, mpaka wenzake wanachoka kumungoja.

Komite itakutana tena mwisho wa mwezi juu ya jambo hili. Wazee wameleta pendekezo kwamba watoto wa chini ya miaka 12 wacheze bila kifo, kushindwa tu, na sisi tutaliunga mukono, kwa sharti kwamba watoto waambiwe hivyo mbele ya kuanza na dadu ibakie katikati ya meza. Muzee wa miti tumemuomba aongoze meza moja yeye mwenyewe. Bado hajajibu, lakini juzi aliuliza kama mu muchezo huu kuna mutu mwenye kazi yake ni kuweka miti.